Benchi la nje ya ofisi ya mwakilishi wadi

Asubuhi moja ya Juni 2018 tulikuwa watu sita kwenye benchi la nje ya ofisi ya mwakilishi wetu wa wadi, yaani mjumbe wetu katika bunge la kaunti, hapa Pwani ya Kenya. Tulidhani tumewahi, kumbe tulikuta wenzetu kumi na watatu wametutangulia. Mama mmoja alikuwa na bili ya hospitali ndani ya bahasha ya kaki. Vijana wawili walishika kadi ya mchango wa matanga. Mzee mmoja alikuwa na barua ya shule, mwanawe karudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Jamaa mwingine alitaka nauli ya kwenda mjini, wala hakuficha. Sisi tulikuja kwa ajili ya zahanati yetu, ambayo haikuwa na maji. Muuguzi alikuwa akinunua maji ya mkokoteni, mitungi minne kwa siku, na akina mama waliokuja kujifungua walikuwa wakiambiwa waje na mtungi wao.

Msaidizi wa mheshimiwa alikuwa na daftari la mistari. Aliandika majina kwa jinsi watu walivyofika, na mbele ya kila jina akaandika shida yake: hospitali, matanga, karo, nauli. Alipofika kwetu akaandika neno moja tu, "maji", kisha akapiga mstari.

Saa sita tukaingia. Mheshimiwa alitusikiliza kwa upole kabisa, akatikisa kichwa, akasema atalifuatilia. Dakika tano, basi. Tulipokuwa tumeshatoka, msaidizi akatukimbilia na shilingi elfu mbili mkononi. "Mheshimiwa amesema mpate soda." Tukapokea. Tukagawana pale pale chini ya mwarobaini.

Zahanati ilikaa bila maji zaidi ya mwaka mwingine mzima. Na kila nilipokutana na mheshimiwa sokoni au msibani, sikuweza kumuuliza kwa sauti iliyonyooka, kwa sababu soda yake nilikuwa nimeinywa.

Tunapozungumza juu ya viongozi tuliowachagua, mazungumzo huishia kwenye tabia zao: huyu amelala, huyu hapokei simu, huyu alihamia mjini siku aliyoapishwa. Mengi ya hayo ni kweli, na sitayatetea. Ila nimekuja kuamini kwamba sehemu kubwa ya uhusiano wetu nao huharibika kwenye benchi lile, kabla hata mlango haujafunguliwa. Tunamwendea mtu kumwomba kitu ambacho hana mamlaka ya kukitoa, tunakwenda wakati ambapo hawezi kukitafuta, na tunakwenda kwa namna inayomfanya aone nafuu kutumaliza kwa noti. Yule wa kwetu alitusikia vizuri. Tatizo ni kwamba tulichomwambia hakikuwa na pa kwenda.

Sheria yenyewe iko wazi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaeleza kazi ya mwakilishi wadi: kuwa karibu na wapiga kura wake, kuwauliza maoni kuhusu mambo yaliyo mbele ya bunge la kaunti, kuyapeleka maoni hayo bungeni, na kuhudhuria vikao. Kifungu hicho hicho kinamkataza kujiingiza katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wake. Kwa maneno mengine, mwakilishi wadi hachimbi kisima. Hanunui tangi, hamwajiri muuguzi. Anachoweza ni kusema, kuuliza, kupitisha au kukataa bajeti, kumwita waziri wa kaunti mbele ya kamati, na kutaka maelezo ya fedha zilizokwenda. Hiyo ni nguvu kubwa sana. Lakini hakuna hata mmoja kwenye lile benchi aliyekuwa amekuja kuomba itumike kwa ajili yake, nasi pia hatukuiomba.

Kuna na jambo la kujua shida ipi ni ya nani. Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, iligawa kazi. Zahanati, masoko, barabara za kaunti, maji na shule za chekechea ziko chini ya kaunti, kwa hiyo ni mwakilishi wadi na gavana. Shule za msingi na za upili, polisi na barabara kuu ziko chini ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo ni mbunge, au ofisi za wizara. Nimewaona watu wakimtukana mwakilishi wadi kwa sababu ya polisi wala rushwa, na nimeona wengine wakimshangilia mbunge kwa kuahidi kujenga zahanati ambayo si kazi yake. Wanasiasa hawana haraka ya kuturekebisha, maana makosa hayo huwapa nafasi ya kuahidi kila kitu na kusukumiana lawama baadaye.

Tuliporudi, tulirudi Agosti ya mwaka ule ule, na tofauti ya Juni na Agosti ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana mambo ya kalenda ya bajeti huchosha, lakini ndiyo roho ya jambo lenyewe.

Kufikia tarehe 1 Septemba kila mwaka, serikali ya kaunti inatakiwa kuwa imepeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha unaofuata. Kisichokuwa kwenye mipango hakitakiwi kutengewa fedha. Kufikia tarehe 28 Februari hupelekwa taarifa ya mkakati wa fedha, ambayo ndiyo inayosema afya itapata kiasi gani, maji kiasi gani, barabara kiasi gani. Bunge lina siku 14 za kuijadili. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe yanafika, na kufikia tarehe 30 Juni yanatakiwa yawe yamepitishwa. Mwananchi wa kawaida husikia habari za bajeti Juni, zinapojaa redioni, ndipo naye anapofunga safari. Sasa isome Kanuni ya 37 ya kanuni za fedha za kaunti za 2015: bunge la kaunti likibadilisha makadirio, ongezeko au punguzo la fungu lolote lisizidi asilimia 1 ya kikomo cha fungu hilo. Asilimia moja! Mtu anayekwenda kwa mwakilishi wake Juni na ombi jipya anamwomba atafute tangi la maji ndani ya hiyo asilimia moja, huku wadi nyingine zote za kaunti zikiitafuta hiyo hiyo.

Siku ile ya benchi hatukujua haya. Tuliyajua kwa sababu mmoja wetu, mwalimu mstaafu, alikwenda kuuliza kwa karani wa bunge la kaunti. Karani akamwonyesha ratiba, akamweleza na kamati ipi inashughulikia nini, bila soda wala chai. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia watu: kabla hujamjua mheshimiwa, wajue makarani. Wao hawapigiwi kura, hawaondoki baada ya miaka mitano, na wengi wao hufurahi mtu akiwauliza swali la maana.

Agosti tulikwenda na karatasi moja. Nasema moja kwa sababu rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa saba, zikianza na historia ya kijiji tangu enzi za ukoloni. Mwalimu akaikata yote. Iliyobaki ilisema zahanati ipi, iko wapi, inahudumia vijiji vingapi. Ikasema idadi ya wagonjwa kwa mwezi, kutoka kwenye daftari la muuguzi, na idadi ya waliojifungua pale. Ikataja fedha zinazotumika kwa maji ya mkokoteni na zinatoka mfuko gani. Kisha ombi: tangi moja, mifereji ya paa ya kukinga mvua, na bomba la kuingiza maji chumba cha kujifungulia, pamoja na bei tulizopewa na maduka mawili ya vifaa vya ujenzi. Chini kabisa tuliandika sentensi iliyotusumbua kuliko zote: "Tunaomba mheshimiwa ahakikishe mradi huu umeingia katika mpango wa maendeleo kabla ya tarehe 1 Septemba, na atujulishe kwa maandishi." Kulikuwa na ubishi juu ya hayo maneno mawili ya mwisho. Mama mmoja aliona ni utovu wa adabu kumdai mkubwa maandishi. Tukayaacha.

Mheshimiwa aliisoma ile karatasi yote mbele yetu. Nakumbuka alipofika kwenye idadi ya waliojifungua alirudi nyuma, akasoma tena, akauliza, "Wote hawa hapa kwetu?" Ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiuliza swali ambalo hakulijua jibu. Msaidizi hakutoa daftari.

Heshima ni neno tunalolitumia sana na kulichanganya sana. Wengine huiona heshima kuwa ni kuinama: kumwita mtu mheshimiwa mara tatu katika sentensi moja, kucheka anapocheka, kutomkatalia jambo mbele za watu. Wengine, hasa baada ya kuumia, huona heshima ni unafiki tu na kwamba kiongozi hajui lugha nyingine isipokuwa kelele. Mimi nimeona heshima ikifanya kazi pale ilipokuwa na vitu vya kushikika. Ukifika saa uliyosema, umemheshimu. Ukimpa takwimu ambazo hazitamwaibisha akisimama nazo bungeni, umemheshimu. Ukiwa na neno zito la kumwambia na ukamwambia yeye kwanza, kabla hujaliweka kwenye kundi la simu la kijiji, umemheshimu pia. Akilipuuza, huko mbele ni haki yako kulisema popote. Na akifanya jambo, rudi ushukuru. Sisi ni wepesi wa kwenda na shida, ila wa kurudi na asante ni wachache mno, na viongozi nao ni binadamu.

Kumwamkia vizuri hakupunguzi kitu. Mkubwa kwangu kwa umri nitampa shikamoo yake awe mwakilishi wadi au mchoma mahindi. Lakini nikishamaliza kumwamkia, swali langu litabaki vile vile, na kama jibu si jibu nitauliza tena. Hapa ndipo pagumu kwa sisi tuliolelewa kwamba mkubwa haulizwi mara mbili. Nilichokuja kuona ni kwamba sauti ya chini inayorudia swali lile lile humsumbua kiongozi kuliko matusi, kwa sababu matusi humpa sababu ya kuondoka.

Kuna hatari moja ambayo watetezi wa wananchi hawapendi kuizungumzia, nayo ni ya kuwa karibu mno. Mwenzetu mmoja kati ya wale sita alikuwa hodari wa kuongea, na mheshimiwa akampenda. Akaanza kupewa lifti. Akaanza kuitwa kwenye mikutano kukaa meza ya mbele. Baada ya miezi michache kijiji kizima kilimwita "mtu wa mheshimiwa", na hakuna aliyekuwa tayari kumwambia malalamiko yake tena, maana yangefika kabla hajamaliza kuyasema. Sidhani alinunuliwa. Alizoeleka tu, mpaka akashindwa kuuliza. Tangu hapo tukawekeana masharti: hakuna kwenda peke yako, kila mkutano unaandikwa na yaliyoandikwa yanasomwa kijijini, na hatupokei kitu, hata soda. Tena tunahakikisha katika kila ujumbe kuna waliompigia mheshimiwa kura na waliompinga. Akiona mashabiki wake watupu atatuchukulia kama kampeni, akiona wapinzani watupu atatuchukulia kama mkutano wa hadhara wa mshindani wake.

Juu ya soda, na hapa najua nitawaudhi wengi. Tuna msemo wa kujitetea, "mkono mtupu haulambwi", na wanasiasa wanaujua kuliko sisi. Wanaotoka kwenye lile benchi na mia mbili si wabaya. Bili ya hospitali ni bili ya hospitali, na maiti haisubiri kikao cha kamati. Siwezi kumwambia yule mama wa bahasha ya kaki asiende. Lakini tuangalie inavyokwenda. Mwakilishi anayetarajiwa kulipa matanga ya wadi nzima hawezi kuyalipa kwa mshahara wake. Atazitafuta fedha mahali, na mahali penyewe mara nyingi ni kwa mwanakandarasi anayehitaji sahihi, au kwa tajiri anayehitaji kiwanja. Ndipo tangi la zahanati linakuja jembamba kuliko lililolipiwa, na hakuna wa kuuliza, kwa kuwa wa kuuliza wote wamechangiwa matanga. Kama kuna jambo moja ningetaka vikundi vya wananchi viamue kesho, ni hilo: kikundi kinachokwenda kwa jambo la umma kisipokee chochote kwa jina la kikundi.

Kaunti iliyonipa moyo katika haya ni Makueni, na nina sababu ya kuitaja: ilianza vibaya kuliko kwetu. Mwaka 2014 gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wadi wake walikuwa hawaongei, wanagombea bajeti. Septemba mwaka huo vurugu kwenye jengo la bunge la kaunti mjini Wote zikafika kwenye risasi, watu wakajeruhiwa. Wakazi wakakusanya sahihi kutaka serikali nzima ya kaunti isimamishwe, yaani gavana pamoja na wawakilishi wote, kama Ibara ya 192 ya Katiba inavyoruhusu. Tume ikaundwa, ikasikiliza, na Rais Uhuru Kenyatta mwishowe, Septemba 2015, akakataa kuisimamisha.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia. Makueni ina wadi 30, na wakajenga ngazi za mikutano kuanzia vijijini, vijiji vikaunganishwa katika makundi, makundi hadi wadi, mpaka kaunti nzima. Watu wanakaa, wanapendekeza miradi, wanaipanga kwa uzito wake, wanachagua wa kuipeleka ngazi ya juu. Kila mradi una kamati ya wananchi ya kuusimamia, na mwanakandarasi halipwi mpaka kamati hiyo iweke sahihi kwamba kazi imefanyika. Fikiria inavyobadilisha mazungumzo kati ya mwananchi na mwakilishi. Mkulima wa Makueni aliye na sahihi kwenye hati ya malipo haendi kwa mwakilishi wake kama mwombaji. Wanazungumza kama watu wawili wenye kazi moja, kila mmoja akiwa na kitu ambacho mwenzake anakihitaji. Wapo wanaosema Makueni ilifanikiwa kwa sababu ya gavana mmoja mwenye nia. Nia yake ilisaidia, sikatai. Lakini sahihi ya kamati hufanya kazi hata siku ambayo gavana hana nia.

Siwezi kuandika haya na kuruka Juni 2024. Wakenya walifanya karibu kila kitu ambacho makala kama hii ingewaambia wafanye. Walisoma Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, kifungu kwa kifungu. Walipeleka maoni ya maandishi kwa kamati ya fedha ya Bunge la Kitaifa. Vijana waliutafsiri kwa lugha za nyumbani na kuusambaza kwa simu. Na sehemu ya hayo ilisikika: tarehe 18 Juni kamati ilitangaza kuondoa kodi ya asilimia 16 kwenye mkate na ile ya asilimia 2.5 kwenye magari. Lakini tarehe 25 Juni, watu wakiwa barabarani, wabunge 195 waliupitisha mswada dhidi ya 106 waliokataa. Vijana walipigwa risasi siku hiyo, na kufikia mwanzoni mwa Julai tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa tangu maandamano kuanza. Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi tarehe 26.

Siku zile namba za simu za wabunge zilisambazwa, na maelfu ya watu wakawapigia na kuwaandikia. Niliona baadhi ya ujumbe ule. Mwingine ulikuwa matusi ya nguoni na vitisho kwa watoto wa watu, na huo siutetei hata kidogo. Mwingine ulikuwa sentensi mbili: mimi ni mpiga kura wa mahali fulani, naomba upige kura ya hapana, na sababu yangu ni hii. Wapo wabunge waliolalamika kwamba wamevunjiwa heshima kwa kupigiwa simu tu. Sikubaliani nao. Mtu aliyeomba kura kwa kubisha hodi nyumba hadi nyumba usiku, akaingia jikoni kwetu, hawezi kusema kwamba simu yetu ni uvamizi. Kumwambia mwakilishi wako jinsi unavyotaka apige kura ndiyo kazi iliyomfanya aitwe mwakilishi. Kuhusu hasira yenyewe, heshima ninayoitetea mimi haimtaki mama aliyempoteza mwanawe azungumze kwa upole.

Funzo la mwezi ule kwangu ni hili: wengi wa wale 195 hawakuwa na mtu hata mmoja jimboni waliyezoea kumsikiliza kuhusu sheria. Walizoea kuombwa basari na mabati. Simu za Juni ziliwafikia kama sauti za watu wasiowajua, na mtu asiyemjua ni rahisi kumwita mhuni. Uhusiano hujengwa miezi ambayo hakuna anayeandamana, Oktoba na Novemba huko, wakati habari ni kavu na vikao vya kamati havina hata mwandishi mmoja.

Narudi kwenye tangi. Liliingia kwenye mpango, likaingia kwenye makadirio ya 2019/20, likaletwa mwanzoni mwa 2020. Lililetwa bila mifereji ya paa. Tangi la kukinga mvua lisilo na mifereji, limesimama pale jeusi na zuri, likisubiri mvua iingie kwa juu. Msimamizi wa wadi alisema mradi umekamilika kwa mujibu wa hati. Hapo tukatumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Tuliandika kuomba nakala ya hati ya kazi. Ilikuja siku ya 19, na mifereji ilikuwa imeandikwa ndani, na imelipiwa. Tulimpelekea mheshimiwa nakala yake kabla hatujamwonyesha mtu mwingine, tukamwambia tutasubiri wiki mbili. Aliipeleka kwenye kamati. Sijui alisema nini huko, lakini mifereji ilifungwa kabla ya mvua za masika.

Agosti 2022 yule mheshimiwa alishindwa kwenye uchaguzi. Tulimwendea nyumbani kwake kumshukuru, na nilipomwona akitoka mwenyewe kutupokea, bila msaidizi, niliona haya kwa yote niliyowahi kusema juu yake mezani kwa watu. Alimpa mrithi wake faili letu. Mrithi ni mwanamke kijana, aliyeingia na watu wake na ahadi zake, na ilitubidi tuanze upya: kujitambulisha, karatasi moja, watu wa kambi zote, hapana soda. Kikao cha kwanza alidhani tumekuja kuomba kazi. Cha pili alituuliza kama tunataka fulana. Cha tatu alisoma.

Mwaka jana, mwanzoni mwa Machi, bunge likiwa limebakiwa na siku nne za kujadili taarifa ya mkakati wa fedha, alimpigia simu mwenyekiti wetu saa tatu usiku. Alikuwa mjini, hotelini, na kesho yake angesimama kuitetea sehemu ya afya. Alitaka kujua ni watoto wangapi wa wadi yetu hupelekwa zahanati ya jirani kwa chanjo kwa sababu yetu haina friji. Mwenyekiti akatoka nje kutafuta mtandao, akamwamsha muuguzi, muuguzi akawasha tochi na kufungua daftari. Akamsomea namba mwezi kwa mwezi, na upande wa pili wa simu tulisikia kalamu ikiandika, kisha sauti yake ikisema, "Nisomee tena Novemba, dada, niiandike vizuri."